Mtu wa Kuni

Nilipofika Njoro nilikuwa nimeshachekwa mara nne, na jua lilikuwa bado halijapanda.

Mwaka ule wa hamsini na nane, mwanamke juu ya baiskeli katika barabara ya Nakuru kwenda Elburgon alikuwa sinema ya bure. Akina mama waliokuwa wakichuma pareto waliweka vikapu chini ili wanitazame vizuri. Mmoja akapaza sauti, "Dada, hiyo baiskeli umemwibia nani?"

"Mwalimu mkuu!" nikamjibu.

"Basi kanyaga, anakuja nyuma!"

Wakaangua kicheko. Nami nikacheka kidogo, kisha nikakumbuka ninakokwenda, kicheko kikaniisha. Baiskeli ilikuwa ya Mwalimu Hiram kweli, mkuu wa shule yetu pale Nakuru. Nilimwambia naenda kumwona mgonjwa. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu siku ile ilikuwa ya maili thelathini, na nusu yake mlima.

Nilikuwa namfuata Kipketer. Alikuwa anapasua mbao katika kambi moja ndani ya msitu wa Mau, juu ya Elburgon, mahali ambapo sikuwa nimewahi kufika ingawa tulikuwa tumependana mwaka mzima. Jumamosi iliyokuwa inakuja wazee wake walitakiwa kufika kwa baba yangu kule Ravine, kwa mara ya tatu, na safari hiyo ya tatu ndiyo ya jibu. Nilikuwa na wiki moja tu. Ama Kipketer angenisamehe, ama wazee wasingekuja, na mlango wa baba yangu usingefunguliwa mara ya nne.

Acha niseme nilichofanya, nikiseme chote, maana nimekwisha kuchoka kukizungukazunguka.

Tulijuana alipoleta mbao za madawati shuleni kwetu. Nilikuwa ubaoni, nafundisha hesabu ya kuzidisha. Alisimama mlangoni na ubao begani, akasubiri nimalize, kisha akaniambia taratibu, watoto wasisikie, "Mwalimu, hiyo ya tatu, jibu lake ni mia tatu na kumi na mbili." Nikarudia hesabu. Ilikuwa mia tatu na kumi na mbili. Nilimpenda pale pale, na nikamkasirikia pale pale pia, ndivyo nilivyo.

Tatizo likawa ulimi wangu. Walimu wenzangu waliponiuliza mchumba wangu anafanya kazi gani, nilisema ni karani wa msitu. Sijui kilinitoka wapi. Wangare, mwalimu wa darasa la kwanza, binti wa mjini anayejua kuvaa, akauliza, "Ana ofisi?" Nikasema anayo. Wiki iliyofuata ofisi ikapata meza. Wiki nyingine meza ikapata muhuri. Kufikia Pasaka Kipketer wangu alikuwa na kofia nyeusi na viatu vya kung'aa, na mimi mwenyewe nilianza kumwona hivyo nikifumba macho.

Halafu Ijumaa moja jioni mimi na Wangare tulikuwa tumeketi barazani kwa mke wa Mwalimu Hiram, tunakunywa chai na mama mmoja mgeni kutoka kanisani, vikombe vya maua, mkate umekatwa vipande vyembamba. Nikamwona anaingia getini, mbio mbio, anatabasamu kwa meno yote. Shati lilikuwa limechanika begani. Nywele, nyusi, masikio, kila mahali unga wa mbao. Suruali imefungwa kwa kamba ya katani. Nilijua amekuja kunipa habari njema, na kweli alikuwa nayo, kwamba baba yangu amekubali wazee waje.

Wangare akaniinamia sikioni. "Mbona yule anakuangalia wewe? Ni nani?"

Nikasema, na sikushusha sauti, "Aa, huyo? Huyo ni mtu wa kuni."

Alisikia. Alikuwa hatua tano tu kutoka barazani. Tabasamu lilibaki usoni muda kidogo, halafu likaondoka. Akavua kofia yake kuukuu, akanitazama mimi peke yangu, akasema, "Ndiyo, mwalimu. Hizo kuni nizipasulie wapi?"

Nyuma ya jiko kulikuwa na magogo ya mkaratusi yaliyomshinda mpishi. Kipketer aliyapasua yote. Tulikunywa chai huku tukisikia shoka, na mgeni wetu akasema siku hizi ni vigumu kupata mtu mwenye bidii namna hiyo. Ili uongo wangu ukamilike, nikachukua kipande cha mkate, nikampelekea. Alikipokea kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka. "Asante, mwalimu," akasema. Akala, akafuta shoka, akaondoka, na ile habari njema nikaja kuipata siku ya tatu kwenye barua ya baba.

Ndicho nilichofanya.

Elburgon niliingia saa sita. Niliuliza njia kwenye kiwanda cha mbao cha Mzee Jasbir, Kalasinga mwenye ndevu nyeupe aliyekuwa akinunua mbao za kambi ile. Alinitazama mimi, akaitazama baiskeli, akaitazama barabara iliyopanda msituni.

"Kipketer? Iko juu, kambi ya mwisho. Maili sita," akasema. "Lakini wewe mama, peke yako? Huko hakuna duka, hakuna kitanda, hakuna kitu. Nyani tu na wanaume."

"Sitalala, Mzee."

"Lori yangu inapanda saa tisa kuchukua mbao. Ngoja, panda na dereva."

"Nikingoja nitarudi Nakuru," nikamwambia, na huo ulikuwa ukweli mtupu. Mzee Jasbir akacheka ndani ya ndevu, akaniletea maji kwenye gilasi kubwa ya shaba, akasimama kunitazama mpaka nikayamaliza.

Njia ya msituni haikuwa ya baiskeli. Malori yalikuwa yameichimba mifereji miwili, na katikati majani yalifika kiunoni. Nilisukuma. Mianzi ilifunga juu, baridi ikaingia hadi kwenye meno, na mbega wakanitazama kutoka mitini kwa nyuso zao za kizee. Njiani nilipanga maneno. Nilipanga kuanza na salamu, kisha machozi, kisha maelezo marefu kuhusu Wangare na jinsi watu wa mjini wanavyoudhi. Nilipofika maili ya nne nikagundua kwamba kila maelezo niliyoyapanga yalikuwa na kosa la mtu mwingine. Nikayatupa. Kutoka pale nilitembea bila neno lolote.

Kwanza nilisikia misumeno. Kisha nikaiona kambi. Vibanda vinne vya mabanzi, yale maganda ya gogo ambayo hayafai kuuzwa, vimeezekwa kwa majani ya mianzi. Moto wa mawe matatu unafuka moshi. Mashimo manne marefu yamechimbwa ardhini, na juu ya kila shimo gogo la mtarakwa limelazwa kwenye miti. Kwenye mashimo matatu wanaume walikuwa wawili wawili, mmoja juu ya gogo, mwingine chini shimoni, msumeno mrefu kati yao unapanda na kushuka. Kwenye la nne, Kipketer alikuwa amesimama juu ya gogo peke yake.

Aliniona. Hakushtuka, au kama alishtuka alikuwa amejifunza kuficha. Alikuwa amekonda. Nilitaka kukimbia nimfikie na nilitaka ardhi inimeze, yote mawili kwa wakati mmoja, kwa hiyo nikabaki nimeshika baiskeli.

"Mwalimu," akasema.

Lile neno lilinichoma kuliko angenitukana.

"Kipketer, nimekuja..."

"Nimeona umekuja. Lori linafika saa kumi, na hili gogo linatakiwa liwe limekwisha. Mwenzangu Kimaiyo ana homa, amelala kibandani tangu asubuhi. Sina nafasi ya kuongea."

"Nitangoja."

"Utangoja nini? Peke yangu sitalimaliza. Nikimaliza usiku, lori limekwenda, na wiki nzima ya Kimaiyo na yangu imekwenda nalo."

Nikaegemeza baiskeli kwenye mti. Nikavua viatu, nikapandisha mikono ya gauni, gauni langu la bluu la Jumapili nililokuwa nimelipiga pasi ili anione. Nikashuka shimoni.

Kwenye mashimo mengine misumeno ikasimama. Mwanaume mmoja akapiga mluzi. "Wee Kipketer! Huyo umemtoa wapi?"

"Msimcheke," akasema mwingine, "mwacheni mwalimu naye aende shule."

Kipketer alichungulia chini. Kwa mara ya kwanza nikaona uso wake ukiyumba. "Jerop, toka huko. Hii si kazi ya mwanamke. Ina vumbi."

"Niambie ninashika wapi."

Gogo lilikuwa kati yetu, sikuona ila vidole vya miguu yake. "Kuna mpini wa mti chini," akasema. "Shika kwa mikono yote miwili. Unavuta chini, kwa uzito wako wote. Nikivuta mimi kwenda juu, unaachia. Usisukume. Ukisukuma, msumeno unapinda na mstari unaharibika."

Nikavuta. Nikasukuma. Msumeno ukalia vibaya.

"Nimesema usisukume!"

"Sikusukuma!"

"Jerop."

"Nimesukuma. Samehe."

Tukaanza tena. Vuta, achia. Vuta, achia. Unga wa mbao ulishuka usoni, machoni, mdomoni, kwenye shingo ya gauni langu la bluu. Nilikohoa, nikatema, nikavuta. Baada ya muda misumeno mingine ikaendelea, wanaume wakatusahau, na mimi nikagundua jambo. Chini kule hakuna anayeniona, na mimi simwoni. Ningeweza kusema.

"Nilikuonea aibu," nikasema.

Msumeno ukapanda, ukashuka.

"Najua," akajibu.

"Nilitaka kukuambia kwamba haikuwa hivyo. Njia nzima nimetafuta namna ya kusema haikuwa hivyo. Lakini nilikuonea aibu, Kipketer. Shati lako, na ile kamba, na unga wa mbao. Nikisema sikukuonea nitakuwa naongeza uongo mwingine."

"Vuta."

Nikavuta. "Niliwaambia wewe ni karani. Una ofisi, una muhuri."

"Muhuri?" Sauti yake ilikuwa na kitu ndani yake, sikujua kama ni hasira. "Muhuri wa kazi gani?"

"Hata mimi sijui."

Tulipasua kama hatua moja nzima ya gogo. Mikono yangu ilianza kuchubuka, na nilishukuru.

"Lile shati zuri nililifua Alhamisi," akasema kutoka juu. "Nililianika pale juu ya kibanda, nije nalo siku ya pili. Lori likafika mapema, shati bado linatona maji. Nikasema, aa, Jerop ananijua. Nikaruka kwenye lori hivyo hivyo."

Nikavuta.

"Na si lile neno, unasikia? Neno nilikuwa nimeshalimeza. Mtu anaweza kuteleza mdomo mbele ya wakubwa. Nilipokuwa napasua kuni nilikuwa nasema moyoni, ameogopa tu, nikimaliza atakuja hapa nyuma, atanishika mkono, tutacheka. Na kweli ukaja." Msumeno ukasimama. "Ukaja na mkate."

"Kipketer..."

"Hapakuwa na mtu mwingine nyuma ya jiko, Jerop. Tulikuwa mimi na wewe. Ungeweza kuniita jina langu."

Nililia, na unga wa mbao ukageuka uji mashavuni mwangu. Nililia na kuvuta, kwa sababu msumeno ulikuwa umeanza tena na lori halingojei machozi ya mtu.

"Mbona hukuniumbua?" nikamuuliza. "Ungesema tu mbele yao, mimi ni mchumba wake. Ingenifaa."

"Halafu wewe ukatae mara ya pili? Moja ilinitosha."

Mahali fulani juu ya miti ndege alilia. Nikaegemeza paji la uso kwenye mpini, kidogo tu.

"Jumamosi?" nikauliza. Niliogopa jibu kuliko nilivyoogopa kitu chochote mwaka ule.

"Hakuna Jumamosi. Nimeshamwambia baba. Jumatatu anatuma mtu Ravine."

"Umemwambia sababu?"

"Nimempa sababu."

"Ipi?"

"Vuta, Jerop. Tumebakiza kidogo."

Gogo likaachana vipande viwili kwa mlio mrefu, likakaa pande zote mbili za shimo, na mwanga ukaniangukia. Kipketer alikuwa amepiga magoti juu yangu, ananyosha mkono. Nikaushika. Ulikuwa mkono ule ule, mgumu, wa moto, na kwa wiki nzima nilikuwa nimeulilia kitandani. Alinivuta mpaka nikasimama mbele yake. Tulitazamana karibu mno, na hakuna aliyeachia mkono wa mwenzake. Nilidhani atasema kitu. Nadhani naye alidhani hivyo.

"Chamgei!" sauti ya mwanamke ikatusalimu kwa lugha ya kwetu kutoka njiani.

Mkono wake ukanitoka ghafla. Alikuwa mama yake, Mama Chelangat, anayepanda kila Jumamosi kutoka kwao ukingoni mwa msitu kumletea mwanawe unga na mboga. Alikuwa na kikapu mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, na alikuwa anatabasamu mpaka alipoona ni nani amesimama pale, uso wote umejaa unga wa mbao. Tulikuwa tumeonana mara mbili tu, siku za wale wazee kufukuzwa na baba yangu. Mara zote mbili, wakati baba yangu Hezekiah akisema hakunisomesha miaka kumi nikampikie mpasua mbao, mama huyu alikuwa ameniangalia kwa upole, akanigusa shavu alipokuwa akiondoka.

Akatua kikapu. Hakumsalimia mwanawe. Alikuja moja kwa moja akanishika mikono yote miwili, akaona malengelenge, na macho yake yakajaa.

"Mwanangu," akasema. "Hata msumeno umeshika? Umekuja kumbembeleza hadi huku?"

"Mama, mimi..."

"Nisamehe. Nisamehe mimi niliyemzaa. Sijui nilimlea vipi. Alikaa mbele ya baba yake, bila haya, akasema amebadili mawazo. Hamtaki tena. Bila sababu! Msichana wa watu, mwalimu, aliyekataa wenye ng'ombe akamchagua yeye. Baba yake alimwuliza mara tatu, je, binti amekosa? Akasema binti hana kosa hata moja, ni yeye tu ndiye asiyejua anachotaka. Mzee hajala vizuri tangu siku hiyo. Anasema hatainua uso tena kanisani."

Nilimtazama Kipketer. Alikuwa nyuma ya mama yake, na alikuwa anatikisa kichwa, polepole, macho yake yakiniomba. Nyamaza, Jerop. Ndivyo yalivyosema.

Alikuwa amejichafua ili mimi nibaki safi. Nilikuwa nimemkana kwa sababu ya shati, naye akaenda nyumbani akanivika nguo nyeupe mbele ya wazazi wake, kisha akarudi hapa kupasua magogo.

"Lakini usilie," mama akaendelea, akinifuta uso kwa upindo wa shuka lake. "Mimi bado nipo. Leo hii nashuka naye kwa baba yake, nitamvuta kwa sikio kama mtoto. Jumamosi tutakuja Ravine. Wewe huna la kufanya, mwanangu. Nyamaza tu, tutakuja."

Nyamaza tu. Wawili walikuwa wameniambia hivyo, mmoja kwa macho na mmoja kwa mdomo. Ningenyamaza, ningempata Kipketer, Jumamosi ingekuwepo, na mama huyu angenipenda maisha yake yote. Nataka mjue kwamba nilifikiri. Sikuwa jasiri, nilifikiri kabisa, na nikaona jinsi ingekuwa rahisi.

"Mama," nikasema, "toa mikono yako kwanza."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nikishasema utaitoa mwenyewe, nami sitaweza kuvumilia."

"Jerop," Kipketer akasema kwa ukali. "Acha."

"Mwanao hakubadili mawazo. Alikuja shuleni kwetu mbio, na habari njema. Nilikuwa nimeketi na watu wenye vikombe vya maua. Wakaniuliza ni nani. Nikasema ni mtu wa kuni."

Mama Chelangat hakuelewa mara moja. Nilimwona akilitafuta neno, akiligeuza. "Mtu wa kuni," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Naye akasema nini?"

"Akauliza azipasulie wapi."

"Akazipasua?"

"Zote."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nakunywa chai."

Mikono yake ikaniachia. Alimgeukia mwanawe, akamwangalia kwa muda, kisha akanigeukia mimi, na ule upole haukuwepo tena usoni mwake. Nilijua sitaurudisha kwa siku moja wala mbili.

"Kipketer, umenidanganya mimi na baba yako?"

"Ndiyo, Mama."

"Kwa ajili ya huyu?"

"Ndiyo. Na bado namtaka. Nimejaribu kutomtaka tangu siku ile, nimeshindwa."

Moyo wangu uliruka, halafu ukaona haya ya kuruka. Mama akainama, akachukua kikapu chake, akakibeba kwa mkono mmoja kama asiyejua akipeleke wapi.

"Sisi watu wa mbao si watu wa maneno mengi," akasema. "Jumamosi tutakuja. Lakini sikiliza. Siku ya jibu msichana huitwa ndani, akasimama mbele ya wazee wa pande zote, akaulizwa kama anamtaka. Si ndivyo kwenu?"

"Ndivyo, Mama."

"Wengine hutikisa kichwa tu, wakatoka. Wewe hutatikisa kichwa. Wewe utaeleza. Mbele ya mzee wangu, na mbele ya baba yako aliyetudharau mara mbili, utasema ulivyofanya, na mwanangu alivyofanya. Kijana wangu hataoa akiwa na jina la mtu asiyejua anachotaka. Utaweza?"

Nilimwona baba yangu kwenye kiti chake, fimbo kati ya magoti. Nilimwona akisikia kwamba dharau ile niliyomlaumu nayo mwaka mzima ilikuwa ndani yangu pia, nimeirithi yote.

"Mama, hilo ni zito," Kipketer akasema. "Baba yake..."

"Wewe nyamaza. Yako ulishasema, na yalikuwa uongo. Namuuliza yeye."

"Nitaweza," nikasema.

"Basi sema sasa, nikusikie."

"Hapa?"

"Ukishindwa mbele ya miti, mbele ya Mzee Hezekiah utaweza?"

Nikasimama. Mimi ambaye kila siku huwasimamisha watoto wa watu na kuwaambia sema kwa sauti. Miguu yangu ilikuwa mitupu, gauni limeganda jasho na vumbi, na viganja vinatoka damu.

"Baba," nikaanza, "na wazee wote. Mmeniuliza kama namtaka..."

"Sikusikii."

Nikaongeza sauti. Kwenye shimo la kwanza msumeno ukasimama. Nikasema jinsi nilivyomtungia ofisi na muhuri, na kuna mwanaume aliyecheka, kisha akanyamaza. Shimo la pili likasimama, na la tatu. Kimaiyo alitoka kibandani na blanketi lake la homa, akashika mlango. Kambi nzima ilikuwa kimya, nami nikasema habari ya baraza, na chai, na kuni. Nilipofika kwenye mkate sauti ilikatika.

Mama Chelangat alingoja. Hakunisaidia.

Nilisikia nyayo juu ya mabanzi. Kipketer alikuja akasimama kando yangu, bega kwa bega, akiwatazama wenzake wote, amevaa lile shati lake lililochanika. Hakunishika mkono. Alisimama tu pale, ili nikilisema nimwone niliyemfanyia.

Nikavuta pumzi, nikasema na habari ya mkate.